Kwa Kijana Anayeingia Kijiweni na Pikipiki ya Mkataba

Hapa Morogoro vijiwe vya bodaboda havikosi sura mpya. Leo ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, kesho ni mwingine aliyechoka kulima mpunga wa mvua za kubahatisha. Wote wamekabidhiwa pikipiki na mtu na wanauliza zamu za kupakia zikoje. Wakongwe huwaambia vaeni helmeti, msikimbie, kisha wanarudi kwenye drafti. Maneno hayo ni ya kweli, ila hayagusi kinachomfanya kijana akimbie. Ndiyo maana mimi dereva mgeni akiniuliza lolote, kwanza namwomba anionyeshe karatasi aliyosaini na tajiri wake, yaani mwenye pikipiki.

Mkataba wa kawaida uko hivi: tajiri ananunua pikipiki, wewe unampelekea hesabu, yaani kiasi cha fedha mlichokubaliana, kila siku, na baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu inakuwa mali yako. Chukua kalamu. Hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku sita za wiki, kwa wiki 52, ni shilingi 3,120,000. Hapo hujaweka mafuta, hujabadilisha oili, hujanunua tairi, hujala. Sasa fikiria siku ya mvua ambayo mpaka saa kumi na mbili jioni una 4,000 mfukoni. Hapo ndipo unapoanza kukubali mambo uliyoyakataa asubuhi: kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kupita upande usio wako ili uwahi, kumpeleka mtu usiyemjua nje ya mji saa tano usiku. Ukija kuanguka, watu watasema alikuwa mwendo kasi. Watakuwa hawajakosea, ila mwendo huo ulianza siku uliposaini.

Kwa hiyo pambana na maneno ya mkataba kabla ya kupambana na barabara. Jumapili isiwe na hesabu. Siku ambazo pikipiki iko gereji kwa ubovu usiotokana na uzembe wako, zisihesabiwe. Iandikwe nani analipia injini ikifa, nani analipia bima, na ukiugua wiki mbili mnafanyaje. Uliza pia ni bima gani. Bima ndogo inamlipa yule utakayemgonga. Mguu wako ukivunjika, au pikipiki yenyewe ikigeuka chuma chakavu, hiyo haimo. Matajiri wengi hukata bima ndogo kwa sababu ni nafuu na sheria imeridhika nayo. Na kila hesabu unayopeleka iandikwe na isainiwe, hata kama tajiri ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako.

Leseni ya daraja A sitaijadili sana. Ukiwa huna, trafiki yeyote atakayekusimamisha ana haki, na kampuni ya bima imepata sababu ya kukukwepa. VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, wanafundisha udereva wa pikipiki, kaulizie ada. Kufundishwa na rafiki jioni moja kwenye uwanja wa mpira kunakutosha kuiondoa pikipiki. Kuisimamisha ni habari nyingine.

Na kuisimamisha ndiyo kazi yenyewe. Vijiweni kuna imani kwamba breki ya mbele inapindua, hivyo watu wanakanyaga ya nyuma tu na ile ya mkononi inabaki pambo. Tazama kinachotokea. Ukifunga breki, uzito unasogea mbele. Tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami, la nyuma linakuwa jepesi. Ukitegemea la nyuma peke yake litajifunga, litaburuza, mkia utaanza kucheza, na bado hujasimama. Kwenye lami kavu, pikipiki ikiwa imenyooka, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachoangusha watu ni kuidaka ghafla, au kuishika huku umelala kwenye kona, au kuishika juu ya mchanga. Ibane taratibu kisha uzidi kukaza, ya nyuma ikisaidia. Tafuta barabara tupu asubuhi, anza na mwendo wa 30, nenda 40, rudia mpaka vidole vifanye bila kuambiwa.

Sababu ya kukukazania hivi ni hesabu ndogo. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo kwenye makazi ya watu, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80 unapita mita 22. Tangu macho yaone mpaka mkono uanze kubana, sekunde moja hivi imeshapita, na ukiwa unabishana na abiria kuhusu Simba na Yanga inapita zaidi. Mtoto aliyechomoka nyuma ya daladala iliyosimama anakuwa tayari mbele yako kabla hujaanza kupunguza chochote. Pikipiki haina bodi ya kukukinga. Kinachokukinga ni zile mita ulizoacha mbele yako.

Milimani kuna somo jingine. Ukianza kwenda Kinole au Matombo kufuata ndizi, utaona wenzako wanashuka wamezima injini ili kuokoa mafuta. Breki za ngoma, ambazo ndizo zilizo kwenye Boxer nyingi tunazoendesha, zikishikiliwa mteremko mzima zinapata moto na kuanza kulegea, na mikungu iliyo nyuma inakusukuma. Shuka injini ikiwa inafanya kazi, kwenye gia uliyopandia au iliyo karibu nayo, breki ziwe za kusaidia tu. Mafuta unayookoa kwa kuzima hayafiki hata bei ya soda.

Mvua, kwa kifupi: dakika za mwanzo baada ya ukame ndizo mbaya kuliko mvua yenyewe, kwa sababu oili na vumbi vya wiki nzima vinaelea juu ya lami. Michoro ya rangi kwenye vivuko vya zebra inateleza zaidi. Kanywe chai.

Malori yanahitaji maneno mengi zaidi. Msamvu, hapa mjini, ndipo barabara ya Dar es Salaam, ya Dodoma na ya Iringa zinapokutana. Mizigo ya Zambia na Kongo inapita hapo, ya Rwanda na Burundi inapita hapo. Lori refu likitaka kukata kushoto mara nyingi dereva analitanua kwanza kulia, na linafungua uwazi upande wa kushoto unaoonekana kama umeachiwa wewe. Usiingie. Tela linafuata njia fupi kuliko kichwa, na uwazi ule utafungwa ukiwa ndani. Kanuni ninayowapa wageni ni moja: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Honi yako haisaidii, maana kwenye kabini ana injini yake na redio.

Nje ya mji adui ni basi linalokuja upande wa pili likiwa linaovateki. Dereva wake ameshaamua kwamba wewe utapisha, na sitakudanganya kwamba sheria itakuokoa hapo. Jifunze kutoka nje ya lami kabla hujalazimishwa: punguza mwendo ukiwa bado juu ya lami, toka umenyooka, achia breki ya mbele unapogusa changarawe, na usijaribu kurudi mpaka mwendo umeisha, kwa sababu ukingo wa lami sehemu nyingine ni mrefu kama ngazi na unalikamata tairi la mbele. Basi likishapita jiandae na upepo wake, nao una nguvu.

Abiria ni mzigo unaojisogeza wenyewe. Mpandishe upande wa kushoto; ekzosi iko kulia, na alama za kuungua kwenye miguu ya akina mama mjini hapa zinatuaibisha sote. Kabla hujaondoka geuka uangalie nguo: kitenge, baibui, mtandio, hata kamba ya begi. Kitambaa kikishikwa na cheni au spoku hakiachii. Mwambie ashike vizuri na asijinyooshe upande wa pili mnapokata kona. Akisema, “Kaka, punguza,” punguza bila kununa. Na uwe na helmeti ya pili inayofungika, iliyo safi kiasi kwamba mtu hataona kinyaa kuivaa. Wengi wanaikataa kwa harufu, si kwa ubishi. Vitambaa vya kuvaa kichwani ndani ya helmeti ni bei ya kawaida kabisa.

Kuhusu helmeti yako mwenyewe: tafiti zilizojumlishwa pamoja kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha inapunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni helmeti iliyovaliwa ikafungwa mkanda. Ukiining'iniza kwenye kioo au kuivaa kama kofia ya jua, itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Ile povu ngumu ya ndani inafanya kazi kwa kubonyea, na ikishabonyea hairudi. Kwa hiyo iliyokwishapiga lami mara moja, hata kama ganda linang'aa, imemaliza kazi yake, na uangalie sana unaponunua ya mtumba.

Usiku ni biashara nzuri na ni hatari ya aina nyingine. Vijana wenzetu wameuawa kwa ajili ya pikipiki. Anayekuita usiku akiwa nje ya mwanga wa taa, anayekataa kutaja anakokwenda, anayebadilisha safari katikati kuelekea porini, anayeomba usimame ajisaidie mahali pasipo na nyumba: huyo mwache, au simama kwenye duka lililo wazi kwanza. Ukichukua safari ndefu waambie waliobaki kijiweni unakwenda wapi. Hapo ndipo michango na mwenyekiti wa kijiwe vinapoonyesha faida, maana asiporudi mtu kuna wa kumtafuta. Ila umoja huo una upande nisioupenda. Mwenzetu akigongwa, watu wanazingira gari na kutaka kulichoma kabla hata majeruhi hajapelekwa hospitali. Wewe shughulika na majeruhi.

Nimesema mengi ya kutisha, na pengine unajiuliza kwa nini watu tunaendelea. Fedha ni sababu, kwa kuwa unaishika siku hiyo hiyo. Lakini kuna raha ambayo mwenye gari haijui. Alfajiri ukitoka Bigwa kuelekea Mkuyuni, baridi ya Uluguru inateremka hadi kwenye koo, unapishana na akina mama na matenga yao, barabara inapinda na wewe unapinda nayo. Kona haizungushwi kwa usukani kama baiskeli ya mtoto. Ukishakuwa kwenye mwendo, sukuma kidogo mkono wa kushoto na pikipiki italala kushoto. Sukuma wa kulia italala kulia. Punguza kabla ya kona, tazama kona inapoishia, kisha ivute kwa mafuta kidogo mpaka utoke. Macho ndiyo yanayoongoza: ukilikodolea shimo utaingia shimoni. Siku mambo hayo yote yatakapokuja pamoja bila kuyafikiria utacheka peke yako ndani ya helmeti. Ndiyo siku pia ya kuwa makini zaidi, kwa sababu kinachofuata baada ya mkono kuzoea ni kujaribu kona ileile kwa mwendo mkubwa zaidi.

Siku moja utapata abiria wa Mikumi, au utajipeleka mwenyewe kutembea. Barabara ya Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mle ndani vibao vya kikomo si mapambo. Ukimgonga mnyama kuna faini, na kama ni nyati faini ndiyo tatizo dogo. Usipige honi wala kusimama kupiga picha na nyani, wanajua kufungua mifuko. Tembo wakiwa wanavuka, simama mbali nyuma ya gari, acha injini ikiwaka, na uwe umeshaangalia utageukia wapi. Jaza tenki Morogoro, ondoka mapema, na panga kurudi kabla jua halijazama, maana giza likiingia swala akimulikwa na taa husimama palepale katikati ya lami akikutazama.