Mark X: tairi pana nyuma tu?

Ndugu, umeuliza kama ukifunga tairi za 245 nyuma na kuacha za 215 mbele (namba hizo ni upana wa tairi kwa milimita) Toyota Mark X yako itakata kona vizuri zaidi. Kwa maoni yangu, hapana.

Tairi pana hushika barabara zaidi. Ukiongeza mshiko nyuma peke yake, tairi za mbele ndizo zitakazoshindwa kwanza: unakunja usukani, gari linaendelea kwenda moja kwa moja na kutanuka nje ya kona. Hali hiyo utaihisi hasa kwenye mteremko wenye kona kali. Faida utakayopata ni nyuma kutulia unapokanyaga mafuta, kwa kuwa Mark X nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Porsche 911 huwekewa tairi pana nyuma kwa sababu injini iko huko huko, uzito umelalia nyuma. Yako injini iko mbele!

Mimi ningefunga 225 au 235 zote nne. Utaweza pia kuzihamisha mbele na nyuma zikilika. Angalia rimu isiwe nyembamba kuliko tairi inavyotaka, maana ubavu wa tairi utayumba. Na kwenye mvua punguza mwendo, tairi pana huelea mapema juu ya maji.