Kutoka cc 125 kwenda 150 kwa spea za mtumba: pima kabla hujalipa

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, kazi hii mtaletewa mapema kuliko mnavyodhani. Dereva anapakia magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anayapeleka Igoma au Kisesa, na kila penye kilima pikipiki inaishiwa nguvu hadi arudi gia ya kwanza. Atakuja kijiweni akuulize: "Fundi, hii 125 huwezi kuifanya 150 bila mimi kununua injini nyingine?"

Inawezekana, na spea za mtumba zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Hela utakayookoa kwenye bloku (mwili wa silinda inamopita pistoni) na hedi (kifuniko chake chenye valvu), usiitie mfukoni. Ipeleke kwenye kupima na kwa fundi wa kukereza, yaani kuchonga silinda kwa mashine.

Nazungumzia injini za Kichina za ukoo wa Honda CG125, zile ambazo valvu husukumwa na fito ndefu (pushi rodi). Boxer na TVS zina vipimo vyao, usizichanganye humu. Anza kwa kusoma namba iliyogongwa kwenye kasha la injini. Ukikuta 156FMI, hiyo ni 125: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita. 162FMJ ni 150. Kwa injini hizi upana kamili ni 56.5 kwa 125 na 62 kwa 150, na zote mbili pistoni inasafiri milimita 49.5. Chukua nusu ya upana, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.1416, kisha kwa 49.5. Ya kwanza inatoa cc 124.1, ya pili 149.4. Kwa kuwa safari ya pistoni ni ileile, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inabaki yako. Ndiyo maana kazi hii inawezekana kwa bajeti ndogo.

Inabaki kama ni nzima, lakini. Kabla ya kununua chochote, shika koni rodi (mkono unaounga pistoni na krenki), ivute juu na chini. Ikicheza hata kidogo, simama hapo hapo, mwambie mwenye pikipiki ukweli. Kucheza kidogo kwenda pembeni hakuna neno. Pistoni ya 62 ni nzito zaidi na mlipuko wake ni mkubwa zaidi. Krenki iliyochoka haitaivumilia.

Wengi hujaribu kuokoa kwenye hedi. Wanafunga bloku ya 150 na kuacha hedi ya 125. Fanya hesabu: kama injini ilikuwa inabana mara 9, chumba cha moto ni kama cc 15.5. Ukiweka cc 149.4 juu ya chumba kilekile, mbano unapanda hadi 10.6. Injini itachemka, itagonga ikipanda mlima, na valvu zinaweza kukutana na pistoni. Nunua hedi ya 150. Ya mtumba inafaa: mimina petroli kwenye tundu la kuingizia na la kutolea moshi, valvu zikiwa zimefunga, kisha tazama upande wa chumba. Ikichuruzika, bado unaweza kuzisaga valvu kwa pesti. Nyuzi za plagi zikiwa zimeliwa, rudisha.

Kwa hiyo bloku na hedi nunua za mtumba, na udai risiti, maana spea ya wizi itakuletea polisi kijiweni. Pistoni, ringi, pini, klipu na gasketi nunua mpya. Hapa hakuna njia ya katikati.

Bloku usiipime kwa macho. Huna haja ya vifaa vya gharama. Nenda sokoni na ringi moja mpya ya 62 na fila geji (vibati vya kupimia mianya). Ingiza ringi ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake mbili chini kabisa, ambako ringi hazifiki. Rudia katikati, halafu sentimita moja kutoka ukingo wa juu, ambako ndiko bloku huliwa zaidi. Tofauti ya mianya igawe kwa 3.14. Tuseme chini umepata 0.25 na juu 0.56: tofauti ni 0.31, maana yake bloku imepanuka milimita 0.1. Hiyo ni ya kukereza. Kisha inyanyue bloku, ringi ikiwa ndani, uielekeze kwenye mwanga wa jua. Ukiona mwanga kati ya ringi na ukuta, bloku imekuwa yai, jambo ambalo mwanya peke yake haukuonyeshi. Tazama pia pistoni ya zamani kama ipo: namba 25, 50, 75 au 100 juu yake ni ovasaizi iliyokwisha kupigwa, yaani bloku imepanuliwa kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1. Ya 100 iache kwa mwenyewe.

Hapa ndipo niliharibu kazi yangu ya kwanza. Nilipeleka bloku ikakerezwe ovasaizi 50, nikasema pistoni nitaleta baadaye. Yule fundi alifanya nilichomwambia. Pistoni niliyokuja kununua ilikuwa ya mtengenezaji mwingine, imezidi kwa sehemu chache za mia za milimita, na nafasi ikawa karibu hakuna. Pale kijiweni injini iliwaka vizuri kabisa. Ilipopita Kisesa kuelekea Magu, na mzigo juu, ikanoki na gurudumu la nyuma likakamata. Namshukuru Mungu kijana hakuanguka. Nilipofungua nikakuta pistoni imechubuka pembe nne. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, kwa hiyo ikipata moto inabana pande zote. Nililipa mimi.

Siku hizi nakerezesha kwa mzee mmoja Nyakato. Ukimfikishia bloku mikono mitupu anakuuliza, "Pistoni iko wapi, mwanangu?" Usipokuwa nayo haiwashi mashine. Anaipima kwa maikromita sehemu ya chini ya sketi, anaacha nafasi ya milimita 0.04.

Kazi nyingine ya leizi (mashine ya kukereza) ni mdomo wa kasha la injini, pale bloku inapokaa. Slivu (bomba la chuma ndani ya bloku) ya 62 haiingii kwenye tundu la 125, lazima lipanuliwe. Pasua injini yote, toa krenki na beringi, ndipo upeleke. Anayejaribu kupanua injini ikiwa imefungwa na kuziba kwa matambara, unga wa aluminiamu utaingia kwenye beringi.

Kufunga ni kwa kawaida: alama ya IN kwenye pistoni itazame valvu ya kuingizia, mianya ya ringi iachane, nati za hedi zikazwe kwa msalaba na kwa awamu, tepeti (mwanya wa valvu) milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Kabureta ongeza jeti kubwa (kitundu kikuu cha kupitishia petroli) hatua moja, usizidishe. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kuliko Dar, hivyo jeti aliyokushauri mtu wa pwani huku itatoa moshi mweusi. Panda mlima kwa mafuta mengi, zima, toa plagi: rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka.

Mwambie mteja kuhusu karatasi. Kadi imeandikwa ujazo wa injini, kwa hiyo aende TRA (mamlaka ya mapato). Na leseni ya A1 ni ya pikipiki chini ya cc 125. Ya 150 inataka daraja A.

Kilomita 500 za kwanza asipakie magunia wala asivute mafuta hadi mwisho. Oili ya kwanza imwage kwenye kilomita 100, ndani ya beseni safi, upitishe sumaku. Vumbi laini la chuma ni la kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, shusha hedi siku hiyohiyo, kabla kijana hajarudi Mwaloni.