Muulize Fundi: Tenga linaziba taa ya nyuma, niifunge wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mi ni mchuuzi wa samaki, kila siku natoka Mbagala saa kumi alfajiri na baiskeli kuwahi mnada Feri, tenga liko nyuma kwenye keria. Barabara ya Kilwa saa hizo kuna vipande vya giza kabisa na malori ya makontena yanapita kasi. Wiki iliyopita fuso imenikwangua kiwiko na saiti mira, dereva akasimama mbele akaniambia "dogo, sikukuona kabisa". Nikanunua taa ya nyuma kwa mmachinga elfu tano, nikaifunga kwenye bomba la siti, lakini tenga likiwepo linaiziba yote. Ninunue taa gani, niifunge wapi, na niiache inawakawaka au iwake moja kwa moja? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hicho kiwiko. Kukwanguliwa na saiti mira usikuchukulie poa, hapo umebakiza kidogo sana. Na huyo dereva mi namwamini. Hebu piga hesabu, fuso ikiwa spidi 60 inakula karibu mita 17 kila sekunde, taa zake za chini, tena zikiwa na vumbi, zinammulikia vizuri labda mita 40 hivi mbele, sasa toa sekunde moja na nusu anayotumia mtu kushtuka mpaka mguu ufike kwenye breki, hapo mita 25 zishakwenda na gari bado halijaanza hata kupunguza. Mita 15 zilizobaki hazimtoshi mwenye mzigo kusimama. Taa yako inatakiwa imfikie akiwa bado mita mia mbili huko nyuma ili ahamie kulia taratibu bila kushtuka.

Kwa hiyo tuanze na pa kuifunga, kabla hujatoa hela nyingine. Hiyo ya elfu tano inawezekana haina ubaya wowote, tatizo imewekwa mahali ambapo inalimulikia tenga badala ya kummulikia dereva. Mwenye baiskeli tupu bomba la siti ni pazuri sana, ila kwa mtu wa tenga, kreti za soda au gunia la mkaa, taa lazima iwe kitu cha mwisho kabisa nyuma, kusiwe na chochote kati yake na gari linalokuja.

Sehemu ya kwanza angalia mwisho wa keria. Keria nyingi zina kibati kidogo chenye matundu ya kufungia rifleta, na taa nyingi za keria zinatengenezwa kwa matundu yaliyoachana milimita 50 au 80, kwa hiyo pima na rula kabla hujaenda dukani. Kama keria yako haina, funga kwenye madigadi ya nyuma, au kwenye ile fimbo ya fremu inayoshuka kutoka kwenye siti kwenda ekseli, upande wa KULIA, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na gari linakupita kulia. Ila nijuavyo tenga la Feri ni kubwa na linaning'inia kuvuka keria, kwa hiyo mi ningefunga taa ya pili kwenye tenga lenyewe, na hapa ndo watu wengi wanakosea.

Tenga juu ni pana chini jembamba, si ndio? Maana yake ubavu wake umeinama, ukiifunga taa moja kwa moja pale inaangalia lami, na mwanga unaishia mita chache nyuma yako. Chukua kipande cha ubao saizi ya kiganja, kifunge kwenye tenga na waya wa kufungia nondo, alafu kata kisigino cha kandambili iliyochoka utengeneze kabari, upande mnene uwe chini, ipachike kati ya tenga na ubao mpaka ubao usimame wima. Taa ifunge kwenye ubao. Iangalie nyuma moja kwa moja, isiangalie chini wala isipande juu ikamchoma dereva macho. Na usiiweke chini ya tenga hata kidogo, kule yanachuruzika maji ya samaki na chumvi yake, ndani ya mwezi vibati vya betri vitakuwa vimeota kutu ya kijani. Hata ikiwa juu, ukifika nyumbani ifute na kitambaa chenye maji baridi.

Kingine, kabla ya kukaza bano lolote kwenye bomba, zungushia kwanza kipande cha tyubu ya zamani mizunguko miwili. Chuma na plastiki vinateleza kila ukipita tuta. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nimetembea jioni tatu mfululizo nikijua ninawaka, kumbe taa imezunguka inaangalia tairi, mpaka bodaboda mmoja akanisogelea akaniambia "mzee taa yako imelala". Jioni tatu! Tangu siku hiyo sipandi baiskeli usiku kabla sijarudi nyuma hatua hamsini nikaiangalia kwa macho yangu. Fanya hivyo na wewe tenga likiwepo, alafu chuchumaa uone kama dereva wa gari dogo anavyoona, simama uone kama wa lori.

Sasa taa gani. Nyekundu, basi. Achana na zile za rangi tatu zinazobadilika kama disko, dereva akiona nyeupe mbele yake anadhani kuna chombo kinamjia. Kama kwenye boksi wameandika lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kwa barabara yenye giza kama yako 20 mpaka 50 zinatosha kabisa, huhitaji ya mamia. Angalia pia maandishi ya IPX, yanayoonyesha taa inavumilia maji kiasi gani: IPX4 inavumilia maji ya kurukiwa kutoka kila upande, IPX7 unaweza kuizamisha mita moja nusu saa na ikatoka nzima, kwako we unayebeba samaki na masika ikianza nakushauri usishuke chini ya IPX4. Mwanga uonekane mpaka pembeni, kwa sababu kwenye makutano anayekuja anatokea ubavuni. Ya kuchaji au ya betri ndogo zote sawa, ila ya kuchaji ichaji kila ukichaji simu, usisubiri ife, maana iko nyuma yako na ikififia huioni. Ya betri ukiacha kuitumia siku nyingi toa betri, zikivuja zinakula vibati na itabidi uvisugue na msasa.

Kuhusu kuwakawaka, hata nchi hazikubaliani. Ujerumani sheria hairuhusu taa ya baiskeli iwakewake, Uingereza wameruhusu tangu 2005 mradi iwe kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Inayowakawaka inamshtua dereva mapema kwamba kuna kitu, lakini inamsumbua kukisia uko mbali kiasi gani, wakati inayowaka mfululizo macho yanaipima vizuri. Ndo maana nimekwambia mbili: ya keria iwake mfululizo, ya tenga iwakewake polepole. Na moja ikizima njiani bado una nyingine. Kama hela ni ya moja tu kwa sasa, iwake mfululizo na ikae kwenye tenga.

Jaketi la rifleta kama unalo livae, linasaidia kwa anayetokea mbele na ubavuni, ila kwa nyuma tenga linalificha. Miguu haifichwi. Funga ukanda wa rifleta kwenye kila kifundo cha mguu, vinavyopanda na kushuka dereva anajua papo hapo huyu ni mtu anakanyaga pedeli. Zile CD za zamani mnazoning'iniza nyuma hazifai, CD ni kioo, inatupa mwanga popote ilipoelekea, rifleta imetengenezwa iurudishe kule kule ulikotoka. Na rifleta ikiwa na matope haifanyi kazi, ioshe.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Mwanangu yuko kidato cha pili, anarudi jioni giza limeingia na Phoenix ya babu yake yenye dainamo. Taa ya nyuma inawaka vizuri akikanyaga. Inatosha au nimnunulie nyingine? Mama, Nzega.

JIBU: Salama mama, hongera kwa kuitunza hiyo dainamo. Zile za kusugua tairi ni volti 6 na wati 3, nyingi ya hizo zinakwenda taa ya mbele, ya nyuma inapata sehemu ndogo tu, na kwa njia ya kijijini sio mbaya. Tatizo lake ni moja: tairi likisimama taa inazima. Mwanao akisimama kusubiri lori lipite, au mnyororo ukichomoka akainama pembeni ya barabara kuurudisha, ndo yuko gizani kabisa na ndo wakati haangalii nyuma. Kwa hiyo ndio mama, mwongezee ndogo ya betri, ikae kwenye madigadi pale kwenye ile alama nyeupe, aiwashe anapotoka shule na aizime akifika nyumbani. Dainamo usiitoe. Angalia tu waya wake pale unapopita kwenye fremu, kwa baiskeli za umri huo mara nyingi umechubuka na ukigusa chuma taa zote zinafifia, funga na soltepu ya umeme.