Usinunue vifaranga wa samaki kabla ya kutengeneza kijito

Ndugu, umeuliza kama ununue vifaranga wa trauti kurudisha samaki waliotoweka katika kijito cha shamba lenu Nyeri. Tafadhali usinunue bado. Kilichowaua wa kwanza kitawaua na hawa.

Anza na tope. Trauti jike hufukia mayai kwenye changarawe, na mayai yale hupumua kwa maji yanayopenya katikati ya mawe. Udongo wa shambani ukishajaza nafasi hizo, mayai hukosa hewa na kufa humo humo. Kwa hiyo acha kulima hadi ukingoni. Achia mita 6 angalau, zaidi ukiweza, kisha panda hapo mianzi na miti ya kiasili. Mikaratusi ing'oe polepole, maana inakunywa maji mno. Ng'ombe wajengee birika mbali na kijito, kwani kwato zao ndizo zinazobomoa kingo.

Kivuli nacho ni uhai. Nunua kipimajoto, upime maji saa nane mchana wakati wa kiangazi. Yakizidi nyuzi 20 mara kwa mara, trauti watataabika. Gogo likianguka majini, nakuomba uliache: chini yake maji huchimba kidimbwi ambamo samaki hujificha.

Kuchimba au kuweka mawe mtoni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kumbuka trauti ni mgeni, aliletwa mto Gura mwaka 1905, naye hula samaki wenyeji. Asipelekwe kijito ambamo hakuwahi kuishi.