Maswali ya Wasomaji: Baba Haendi Tena kwa Daktari wa Meno

SWALI: Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Enzi za uhai wake, yeye ndiye aliyekuwa akikumbuka siku ya kwenda kliniki ya meno, nao walikwenda pamoja. Tangu hapo baba, mwenye umri wa miaka 68, hajakanyaga huko, na nikimkumbusha hunijibu kwamba meno hayamuumi. Mwezi uliopita niliona damu alipokuwa akipiga mswaki, nikampandishia sauti mbele ya wajukuu. Sasa nikiligusia jambo hilo, hunyamaza. Nifanyeje?
Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Pole sana, binti yangu, kwa kufiwa na mama. Alipoondoka, baba alibaki bila mtu wa kumkumbusha na bila msindikizaji wake, kwa hiyo usiharakishe kuuita uzembe ukimya huu ambao huenda umechanganyika na majonzi.

Hata hivyo, wasiwasi wako una msingi. Ugonjwa wa fizi hauumi mwanzoni, na anayesubiri maumivu huweza kufika kwa daktari jino likiwa limeshalegea. Ukoga usiposuguliwa hugeuka kuwa ugaga mgumu ambao mswaki hauuondoi, bali huondolewa kwa vifaa vya daktari. Damu uliyoiona kwa kawaida ni dalili ya fizi zilizovimba, na kosa la wengi ni kuacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu, ilhali hapo ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Katika umri wake fizi huweza kushuka na kuacha wazi mzizi wa jino, ambao hauna enameli, yaani gamba gumu la nje linalolinda jino, na hivyo huoza kwa urahisi. Kama ana kisukari, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Anza kwa kumwomba radhi, mkiwa wawili tu. Mzazi aliyekaripiwa na mwanawe mbele ya wajukuu hawezi kukufungulia moyo kabla heshima yake haijarudishwa. Kisha muulize ni nini kinachomzuia, nawe usikilize bila kumkatiza: huenda anaogopa kung'olewa jino, huenda anaona aibu kwa kukaa muda mrefu, au huenda hataki kuingia peke yake mahali alipozoea kuingia na mkewe. Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo linalowezekana zaidi.

Kwa hiyo mwambie kwamba nawe unakwenda kupimwa, na umwombe mfuatane. Uende kweli, ukae kwenye kiti kabla yake. Omba siku ya kwanza iwe ya uchunguzi na kusafishwa tu, isipokuwa daktari akiona jambo la dharura. Tarehe ya kurudi ataipanga daktari kulingana na hali ya kinywa chake, kwa kuwa ile desturi ya kurudi kila baada ya miezi 6 haimfai kila mtu. Tarehe hiyo iandike wewe pia.

Nyumbani, apige mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa yenye floridi, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala. Wajukuu wanaweza kupiga mswaki pamoja naye, lakini usiwatume kumpeleleza.

Ukiona usaha, uvimbe wa shavu au jino linalotikisika, usingoje mazungumzo yakamilike; mpeleke haraka, na uvimbe ukiambatana na homa au shida ya kumeza, siku hiyohiyo.