Shangazi, ninahesabu siku shule zifunguliwe na moyo unanisuta

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu: wa kwanza ana miaka 7, wa pili miaka 4, na wa mwisho ana miezi 5 na ninamnyonyesha. Shule zimefungwa na joto limepamba moto. Tangu alfajiri hadi usiku ninaitwa 'Mama, Mama' mpaka jina hilo limeanza kunichoma masikio. Jioni nako jua halitaki kuzama, na watoto hawakubali kulala kukiwa bado kweupe. Mume wangu akirudi kazini huuliza nilikuwa nikifanya nini kutwa nzima.

Juzi alasiri, mchanga alikuwa ndiyo kwanza amesinzia baada ya kulia kwa saa nzima. Yule wa kati akanijia kwa kunyata, mikono ikichuruzika maji, akaninong'oneza, 'Mama, njoo uone.' Nilipotoka nilikuta amemwaga ndoo nzima ya maji sebuleni na kutandaza vijiko na vifuniko sakafuni. Nilimfokea kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Mchanga akaamka. Wa kati akaingia chini ya meza, akanipa mgongo, wala hakulia. Usiku nilipokuwa nikimfunika aliniambia, 'Ulikuwa mto, Mama. Nilikutengenezea upate baridi.'

Sasa ninahesabu siku shule zifunguliwe, kisha ninajiuliza ni mama gani anayetamani wanawe watoke nyumbani. Tena mama mkwe ananihimiza nimpe mchanga maji kwa sababu ya joto, nami sijui nimsikilize au nimkatalie. Nisaidie. Ni mimi, Mama Aliyechoka."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale chini ya meza. Hapo tutafika. Naomba nianze na swali la mama mkwe wako, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri.

Mtoto wa miezi 5 anayenyonya hahitaji maji, hata joto liwe kali namna gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, na ushauri huo haubadiliki kwa sababu ya msimu. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji, ndiyo maana siku za joto mtoto hutaka kunyonya mara kwa mara, pengine kwa dakika chache tu kila mara, na kiu yake huishia hapo hapo. Ukimpa maji utakijaza kitumbo chake kwa kitu kisicho na lishe, atapunguza kunyonya, na maziwa yako nayo yatapungua. Maji yenyewe yasipokuwa safi, utamkaribishia kuharisha. Anayehitaji maji ni wewe. Weka chombo chako cha maji pale unapokaa kunyonyesha, na kila akinyonya nawe unywe.

Mchanga mwenyewe utamjua kwa nepi zake. Zikilowa kama kawaida na mkojo ukawa mwepesi, hana tatizo la maji. Lakini nepi ikikaa kavu kwa saa nyingi, midomo ikikauka, utosi ukididimia, au akilegea na kukataa titi, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya. Mama mkwe wako usimjibu kwa ukali. Sisi wa umri wake tuliambiwa na mama zetu kwamba mtoto hupewa maji, nasi tuliwapa wanetu kwa mapenzi tukiamini tunawaokoa. Siku ya kliniki mwombe mfuatane, umuulize mhudumu wa afya swali hilo mbele yake. Neno hilo akilisikia mwenyewe kutoka kwa mhudumu, halitakuwa tena ubishi baina yako na yeye.

Sasa twende kwenye ule mto.

Unajiona mama mbaya kwa sababu ulifoka. Mimi ninaona jambo jingine. Mtoto wa miaka 4 alimwona mama yake akitokwa jasho, akafikiri kwa akili yake yote ndogo ni kitu gani kingempoza, akafanya kazi kubwa kimya kimya, kisha akaja kwa kunyata kwa sababu alijua mdogo wake amelala. Mtoto aliyelelewa bila upendo hafanyi hivyo. Hata usiku, baada ya kufokewa, bado alikueleza. Angekuwa amekuogopa kwa kweli, siri ile ingebaki chini ya meza.

Hata hivyo, deni la kumwomba radhi unalo, na usilikwepe. Wako wazazi wanaodhani kwamba mkubwa akimwomba mtoto radhi anajishushia hadhi. Miaka yangu yote ya kulea na kusikiliza waliolea imenionyesha kinyume chake. Mkalishe mahali patulivu na umwambie kwa maneno machache: "Siku ile nilikufokea. Nilikuwa nimechoka, lakini wewe hukuwa na nia mbaya. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe ulimwaga maji." Sheria ya maji utamfundisha siku nyingine, akiwa hana kidonda.

Kuhusu ile ndoo, mwanangu, kuna jambo moja zito. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, na anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hatapatapi kwa namna ambayo mtu aliye chumba cha pili angesikia. Mchanga wako karibu ataanza kutambaa. Kuanzia leo ndoo na beseni havikai na maji sakafuni pasipo mtu mzima aliye karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumshika mtoto. Vivyo hivyo, kama mna gari, mtoto haachwi ndani yake madirisha yakiwa yamefungwa, hata kwa dakika moja ya kushuka na kurudi. Gari lililosimama juani hupata joto upesi mno, na mwili wa mtoto hupanda joto haraka kuliko wetu.

Nirudi kwako. Unasema unahesabu siku shule zifunguliwe na moyo unakusuta. Mama anayetamani saa mbili za kimya hajawachoka wanawe kwa maana unayoiogopa. Amechoka kuitwa, kuinuka, kuinama, kupangusa na kuamua mambo mia kwa siku bila mtu wa kumpokea. Mwalimu wa shule huwa na kengele ya kumaliza kipindi na mwenzake wa kumwachia darasa. Wewe huna kengele wala mwenzako, na usiku kuna wa miezi 5 anayekuamsha. Hebu ipime kazi hiyo kama ungekuwa unaipima ya mtu mwingine.

Ninachokishuku katika barua yako ni kwamba siku zako hazina viungo. Wakati wa shule kengele na sare ziliigawa siku. Likizo imeviondoa vyote, na watoto wakabaki na mchana mmoja mrefu ambao kila dakika yake wanasubiri wewe uijaze. Usiandike ratiba ya kubandika ukutani, maana mama wa mtoto mchanga akiandika ratiba ya saa kwa saa atajiona ameshindwa kabla ya adhuhuri. Chagua nguzo tatu tu na uzishike kila siku bila kubadilisha.

Ya kwanza ni kutoka asubuhi. Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, kwa hiyo watoe nje mapema, hata kabla nyumba haijafagiliwa, wakimbie kwenye kivuli mpaka miguu ichoke. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka 5, lilisema wa umri wa yule wako wa kati anahitaji dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku. Ni saa tatu nzima. Asipozipata nje asubuhi, atazitafuta sebuleni alasiri, na pengine ndizo zilizobeba ile ndoo. Mchanga mweke kivulini, na kigari chake usikifunike kwa kitambaa, hata kiwe chepesi, kwa sababu hewa hukwama ndani na fukuto likamzidi.

Ya pili ni saa ya kimya, na hii ndiyo nataka uishikilie kwa nguvu zako zote. Jua linapokuwa la utosi, baada ya chakula cha mchana, kila mtu anakwenda mahali pake kwa saa moja. Halazimishwi kulala, anachotakiwa ni kutosema na mama. Mkubwa awe na vitabu au karatasi zake chumbani, wa kati awe na mkeka wake na vitu vyake vitatu. Siku tatu za mwanzo watakuja kila dakika tano kuuliza kama saa imekwisha. Warudishe bila hasira, kwa maneno yale yale. Kwa kawaida, kufikia wiki ya pili watakuwa wameizoea. Nawe saa hiyo usifue wala usipige deki. Laza mgongo, hata kama mchanga yuko kifuani.

Halafu kuna ile alasiri mbaya, saa 9 hadi saa 10 na nusu, ambapo wote wamechoka, joto limeganda nyumbani na hakuna anayemvumilia mwenzake. Mwongozo ule ule unasema wa miaka 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Akina mama wengi huitumia saa hiyo asubuhi kwa kuwa watoto wanaidai, kisha alasiri wanajikuta hawana silaha. Iweke akiba. Katuni ya saa 9 wakati unamnyonyesha mchanga ni msaada halali, na asikusute mtu kwayo.

Nguzo ya tatu ni usiku. Mwanga huuambia ubongo uzuie homoni ya usingizi iitwayo melatonini, kwa hiyo mtoto anayekataa kulala kukiwa kweupe hakufanyii ukaidi; mwili wake haujaambiwa kwamba ni usiku. Mwambie wewe. Saa moja kabla ya kulala shusha mapazia mazito, zima runinga, waogeshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha hadithi moja. Fanya hivyo kwa mpangilio ule ule kila siku. Wa miaka 4 anahitaji kati ya saa 10 na saa 13 za usingizi kwa siku, na akipungukiwa utamwona kesho yake analia kwa sababu kijiko ni cha rangi isiyo yake.

Mkubwa wako wa miaka 7 hukumtaja sana, nami namwazia. Mara nyingi mtoto wa umri huo huachiwa kazi ya kuwa "mkubwa" bila kushukuriwa. Akikuambia hana la kufanya, usikimbilie kumtafutia; mwache akae na uchovu huo kidogo, mara nyingi mchezo huzaliwa hapo. Lakini mpe pia kazi moja ya kweli kila siku, kama kukunja nguo za mchanga, na umwambie baba yake akiwa anasikia kwamba aliifanya.

Na huyo baba. Swali lake la "ulikuwa ukifanya nini kutwa nzima" limekuumiza, na ni haki yako kuumia. Usimjibu mlangoni, kwa kuwa pale wote wawili mna njaa na hasira. Ngoja watoto walale, kisha mweleze siku moja kama ilivyokuwa, tangu alfajiri, saa kwa saa, pamoja na mto na meza. Baada ya hapo usimwambie tu "nisaidie." Neno hilo ni pana, na kila mtu hulikata kwa kipimo chake. Mwambie kwamba kuoga na kulala kwa wale wakubwa wawili ni kazi yake kila siku kuanzia kesho, na kwamba asubuhi moja ya siku yake ya mapumziko atatoka nao, wewe ubaki na mchanga tu. Wiki ya kwanza atawavalisha vibaya na hadithi ataifupisha. Usimsahihishe. Akijifunza kuifanya kwa namna yake ataendelea nayo, akisahihishwa atakurudishia.

Jambo la mwisho nalisema kwa sababu mtoto wako ana miezi 5 tu. Uchovu hupungua mtu akipumzika. Ukiona umepumzika na huzuni bado iko pale pale kwa zaidi ya wiki mbili, hupati usingizi hata mchanga akiwa amelala, huoni raha ya kitu chochote, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hayo ni maradhi yanayowapata wazazi wengi baada ya kujifungua, nayo yanatibika. Mwambie mhudumu wa afya waziwazi, kama ambavyo ungemwambia una homa. Mawazo ya kudhuru yakikujia, usingoje hata siku moja, wala usibaki peke yako.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mchukue yule wa kati utoke naye nje na beseni, vijiko na vile vifuniko vyake. Mwambie unataka kuuona ule mto, kwa kuwa siku ile hukuuona vizuri. Kaa chini karibu yake, tia miguu majini, na umwache akueleze unapoanzia na unapoishia. Mkimaliza, mwageni maji yote na mlifudikize beseni.