Barua kwa mwanangu: walimlilia nini yule daktari?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa barazani peke yangu, baba yako keshalala. Umeuliza kwa hasira kidogo, na sikulaumu. Umesema: "Mama, huyo Rivers wako uliyetusimulia tangu tukiwa wadogo, si kazi yake ilikuwa kuwatengeneza wanajeshi ili warudishwe vitani wakauawe? Mbona alipokufa walimlilia kama baba yao? Walimlilia nini?" Ukaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba una mgonjwa, askari aliyerudi kutoka misheni ya kijeshi, bodi ya kuamua kama atarudishwa inakaa wiki ijayo, na kalamu iko mkononi mwako.

Mgonjwa wako tutamfikia. Ngoja nianze na marehemu.

William Rivers, yule daktari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alifariki Cambridge, Uingereza, tarehe 4 Juni 1922, siku ya Pentekoste, akiwa na miaka 58. Utumbo ulibanwa, akapasuliwa, wakawa wamechelewa. Alikuwa mzima tu, na ameshakubali kugombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Labour. Mtu aliyekesha na waliolipuliwa na mizinga anakuja kuondolewa na tumbo! Nilipoanza kazi ya uuguzi wa wodi ya akili, mwalimu wetu mmoja alitueleza habari zake, na hicho kifo ndicho kilichonifanya nimkumbuke. Mengine niliyatafuta mwenyewe baadaye.

Baba yake alikuwa mchungaji, na riziki nyingine aliipata kwa kuwatibu wenye kigugumizi. Mwanawe huyo akakua na kigugumizi hadi anaingia kaburini. Mganga hajigangi, wala hamgangi wa kwake. Lishike hilo la kigugumizi, nitalirudia.

Kabla ya vita hakuwa mtu wa watu. Alikuwa mtafiti. Mwaka 1898 alikwenda visiwa vya Torres Strait, kule kati ya Australia na New Guinea, akawa anawaandika watu kwa ukoo: huyu mwana wa nani, yule shangazi wa nani, karatasi kwa karatasi. Mwaka 1903 rafiki yake Henry Head, daktari mwenzake, alikubali kukatwa neva ya mkono wa kushoto ili wachunguze hisia zinavyorudi. Kwa miaka minne Head alikuwa akija kwa Rivers kufumba macho na kuchomwachomwa na sindano, huku Rivers akiandika. Mtu wa namna hiyo, mwanangu, ana subira ya kutisha.

Vita vilipopamba moto alivaa sare akawa kapteni wa kikosi cha tiba, na 1916 akapelekwa hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, nje kidogo ya mji wa Edinburgh, Scotland. Hapo zamani palikuwa hoteli ya matajiri kwenda kujitibu kwa maji. Sasa palijaa maafisa waliotetemeka, waliopiga mayowe usiku, wasioweza kulala gizani. Ugonjwa wenyewe uliitwa mshtuko wa mizinga, kwa sababu mwanzoni wengi walidhani mlipuko umeutikisa ubongo ndani ya fuvu.

Na dawa yake? Ile ile tunayoipenda hata sisi: jikaze, yamepita, fikiria mambo mazuri. Rivers akaona kwamba wanaokazana mchana kutwa kuyafukuza waliyoyaona vitani ndio yanaowavamia usiku. Desemba 1917 aliwasomea madaktari wenzake mada kuhusu jambo hilo. Ndani yake kuna visa viwili ambavyo nadhani vinakujibu kuliko maneno yangu.

Cha kwanza ni cha afisa aliyekwenda kumtafuta rafiki yake akamkuta amesambaratika vipande vipande. Kila usiku rafiki alimjia hivyo hivyo. Rivers hakumwambia asahau. Alimwambia aitazame maiti ile upya: mwili uliofikia hali hiyo ni ushahidi kwamba rafiki yako alikufa papo hapo, hakugaagaa kwa maumivu kama wengine uliowaona. Yule afisa alilishika hilo. Siku kadhaa baadaye akaota tena yuko palepale, lakini sasa amepiga magoti kando ya rafiki, anamtoa vitu vyake vya thamani ili awapelekee nduguze. Aliamka na huzuni, bila hofu. Tazama hapo, alichoota ni msiba. Ndoto ilimpa nafasi ya kumzika mtu wake.

Cha pili kibaya. Afisa alirushwa na mlipuko akaangukia kwa uso tumbo la maiti ya adui aliyekufa siku kadhaa, likapasuka. Sitaeleza zaidi, wewe ni daktari. Rivers alitafuta neno la kumpa, akatafuta tena, hakulipata. Na akaandika hivyo hivyo, mbele ya wakubwa wa taaluma yake: katika hili sikuona hata chembe ya kumfariji. Mtu yule aliacha jeshi, akaenda mashambani alikopata nafuu kidogo.

Kwa hiyo si kweli kwamba wote aliwarudisha. Lakini wengi aliwarudisha hadi mlango wa vita, hapo umesema kweli, na mimi simtetei.

Sasa huyu Siegfried Sassoon. Mshairi, afisa mwenye nishani ya ushujaa, Julai 1917 aliandika tamko kwamba vita vinarefushwa makusudi na wenye uwezo wa kuvimaliza, nalo likasomwa Bungeni. Badala ya kumfikisha mahakamani, wakasema mishipa yake imechoka, wakampeleka Craiglockhart. Rivers alijua fika kwamba huyu haumwi. Wakawa wanakutana jioni, mara tatu kwa wiki, wanaongea. Kazi ya Rivers ikawa kumrejesha kwenye wajibu. Mzigo gani huo!

Katika siku hizo Rivers mwenyewe aliota, na akaichambua ndoto yake bila haya: ilimwonyesha kwamba anaogopa. Itakuwaje mgonjwa akimgeuza yeye? Itakuwaje kapteni aliyevaa sare ya mfalme akikubali moyoni kwamba kijana ana haki, na bado kesho asubuhi amwandikie kwamba yuko fiti? Sassoon mwishowe aliomba kurudi, kwa ajili ya askari wake waliobaki kule. Julai 1918 alipigwa risasi ya kichwa, tena na mtu wa upande wake aliyemdhania adui. Hakufa. Rivers alikwenda kumwona hospitali London. Mshairi mwingine, Wilfred Owen, aliyepita Craiglockhart chini ya daktari mwingine, aliuawa wiki moja kabla ya vita kwisha.

Haya, walimlilia nini? Jibu langu ni la muuguzi, lichukue kwa kipimo hicho. Hakuwadanganya. Aliyekuwa na neno alipewa, asiye na neno aliambiwa hakuna. Na lile la kigugumizi: mtu aliyekwama kwenye maneno maisha yake yote anajua kumsubiri mwenzake amalize sentensi. Wale vijana walikuwa na sentensi ambazo hakuna aliyezisubiri, wala mama zao. Kuna mzee mmoja alikuwa akiniletea mahindi kila msimu, miaka kumi baada ya kuruhusiwa wodini. Nilidhani ananishukuru kwa dawa. Akaniambia, "Dawa nilikuwa natema. Wewe ulikuwa hutazami saa." Nilicheka, halafu nikaingia stoo nikalia.

Craiglockhart ilikuwa ya maafisa tu, na hilo pia liseme ukiwasimulia wenzako. Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na magonjwa wakibeba mizigo ya vita visivyowahusu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Babu yangu alibebeshwa na Wajerumani, kisha Waingereza. Alirudi Iringa na miguu yote miwili, watu wakasema ana bahati. Ila hakuvumilia kishindo cha kinu. Bibi alikuwa akibeba mahindi alfajiri kwenda kutwanga kwa jirani, ng'ambo ya mto, miaka yote, na mvua ikinyesha. Wakwe walimsema kwamba ana mambo ya nje. Hakujibu. Sidhani kama waliwahi kulizungumza na babu.

Sasa huyo kijana wako. Jina lake usinitajie. Muulize anaota nini, kisha nyamaza mpaka uone aibu ya kunyamaza, na hapo uendelee kunyamaza. Kwenye fomu andika ulichokiona, si wanachokisubiri. Kama ni wa kurudi, mwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa karani. Kama hujui, bodi iambie hujui. Watakukunjia uso, nakuonya mapema.

Ukimaliza nipigie, hata iwe usiku wa manane. Baba yako anauliza kama ile sweta ilifika.

Mama